Ombi la Kubadilishiwa Neno la Siri la King'ora

Ndugu Meneja wa Kampuni ya Ulinzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na ving'ora vyako vimenyamaza. Mimi ni mteja wako wa nyumba yenye geti la kijani, karani wa mahakama mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nimeapisha mashahidi waseme kweli tupu, na leo uzeeni kampuni yako inanilazimisha kusema uongo kwenye simu.

Nianze na chanzo. Wenye nyumba wengine wakiulizwa kwa nini wamefunga king'ora, hujibu ni wezi. Kwangu ilikuwa ni mke. Jumapili moja alasiri nilikuwa nimejilaza kochini, mama watoto akaniambia, "Baba, kuna mtu uani." Nikamjibu bila kufumbua macho, "Ni paka tu huyo." Paka huyo aliondoka na mtungi wa gesi, pasi, na suruali zangu tatu zilizokuwa kambani. Mke wangu akahamia kwa dada yake, akasema atarudi siku nyumba itakapopata mtu wa kumsikiliza. Wiki tatu nikaishi kwa chai na mkate. Nikafunga king'ora, akarudi. Hadi hapo sina ugomvi nawe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wako alijaza fomu ya mkataba na mke wangu, mimi nikiwa nimetumwa dukani kutafuta skrubu. Palipohitajika neno la siri, mke wangu aliandika: Haikuwa paka. Fundi hakuuliza kitu. Mtu mwenye ndoa yake angeuliza.

2. King'ora kikilia, binti wenu wa zamu hunipigia simu kuuliza neno la siri. Nikilitaja, anakizima. Nisipolitaja, gari la walinzi linatoka. Kwa hiyo mwezi huu nimeungama mara kumi na moja, mojawapo nikiwa kwa kinyozi na nusu ya kichwa imenyolewa. Kinyozi akataka kujua, kama haikuwa paka, ilikuwa nini? Sasa mtaa mzima unataka kujua.

3. Mara kumi kati ya hizo ilikuwa paka. Ni wa jirani yangu fundi cherehani, ana mkia nusu, na hupita dirisha la jikoni. Binti huniuliza king'ora kimelia kwa nini, nasema, paka. Neno la siri? Nasema, haikuwa paka. Kwetu mahakamani shahidi wa namna hiyo hakuaminiwa hata na mama yake. Siku niliyoshikilia kweli, nikakataa kutaja neno, walinzi wanne wenye kofia ngumu waliruka geti wakanilaza kifudifudi uani kwangu, mkwe wangu akitazama.

4. Simu ikilia, mke wangu huacha sufuria motoni aje kusikiliza. Husimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka nilitaje neno lenyewe. Afadhali king'ora, hicho kina swichi.

Kwa hiyo naomba neno la siri liwe "sabuni" au "meza", bila kumjulisha mwenye mkataba, yaani mke wangu. Likishindikana hilo, paka aandikishwe kuwa mkazi wa nyumba na apewe neno lake mwenyewe, maana ndiye anayewatumia zaidi kuliko sisi. Na hilo nalo likishindikana, njooni mng'oe king'ora. Nitalinda nyumba mwenyewe. Masikio ninayo, na woga sina.

Nisalimie binti wa zamu na walinzi wote wanne, hasa yule aliyenirudishia kandambili yangu.

Wako anayeipenda kweli,
Karani Mstaafu, Geti la Kijani

Nyongeza: Bahasha ilikuwa haijafungwa. Leo saa nne asubuhi, mke wangu akiwa sokoni, kishindo kilitokea jikoni na king'ora kikalia. Niliogopa, Ndugu Meneja. Nilijifungia chooni, na binti alipopiga simu nikamwambia mara tatu, kwa moyo wangu wote, "Haikuwa paka!" Akanishukuru kwa ushirikiano, akakizima. Hakuna mlinzi aliyekuja. Aliyekuja ni mke wangu, anahema, kikapu kakiacha kwa muuza nyanya. Kampuni yako humtumia ujumbe kila neno linapotajwa, na aliposoma kwamba nimelitaja mara tatu, alijua kuna jambo, maana mimi hata mara moja hunitoka kwa shida. Akachukua mwiko, akaingia jikoni peke yake. Alikuwa paka. Mke wangu hakucheka wala hakunikumbusha kitu. Alikaa nami kwenye ngazi ya uani, akanishika mkono mpaka woga ukanitoka. Tafadhali, neno libaki lilivyo.