Pima Maji ya Fredi

Bajaji iliposimama Nyakato ikiwa na maboksi manne bapa yenye picha ya kabati, Fredi alikuwa ng'ambo ya barabara anakula muhogo. Hakuumaliza. Sakafu za mtaa wetu mafundi huziinamisha kuelekea mlangoni ili maji ya deki yatoke, na ukisimamisha juu yake kabati la kuunganisha, milango hujifungua yenyewe. Hapo ndipo Fredi alipopatia ugali wake.

Mtaji wake wote ulikuwa pima maji moja, kile kifaa cha fundi chenye kiputo cha kuonyesha usawa. Aliichokonoa kwa bisibisi mpaka kiputo kikaapa kutokaa katikati, hata ungeiweka juu ya ziwa. Kisha alikuuzia "viatu vya kabati kutoka Uturuki", yaani vipande vya kandambili. Najua kwa sababu mimi ni msomi, nina cheti, na ninavyo vinne chini ya kabati langu.

Mwenye maboksi alikuwa Mwalimu Anastazia, mjane mstaafu aliyehamia mtaani mwezi huo. Fredi alimwamkia kwa adabu zote.

"Marahaba. Unatokeaga wapi, baba?"

"Kwanza mama anatokea wapi?"

"Mugeta."

"Mugeta! Mimi si mtoto wa mzee Magesa wa hapo hapo?"

Mugeta Fredi aliwahi kupita tu kwa pikipiki, na hakushuka. Lakini undugu ulimfikisha mpaka chumba cha kulala. Aliunganisha kabati, akalisimamisha, akalaza pima maji sakafuni. Kiputo kikakimbilia dirishani.

"Sakafu imeharibika, mama," akasema kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya. "Hapa ni viatu nane vya Uturuki."

Akatoka uani kuvikata. Kandambili za akiba zilikuwa zimeisha, akakata alizovaa.

Huku nyuma Mwalimu aliigeuza pima maji, mwisho wa huku ukawa wa kule, akailaza palepale. Kiputo kikakimbilia mlangoni. Sakafu moja haiinamii pande mbili, na aliyefundisha hesabu miaka thelathini hahitaji kuambiwa hilo. Akairudisha ilivyokuwa, akaenda kuchemsha chai.

Fredi alipomaliza kuvipanga chini ya kabati, Mwalimu akaweka sufuria ya maji kwenye rafu.

"Mimi naaminiga sufuria, baba. Ongeza kulia mpaka maji yalingane na ukingo."

Fredi alipiga magoti mpaka saa nane mchana. Milango ikafungika, ikatulia. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya halali, na ilimuuma.

"Pokea chai," Mwalimu akasema. "Huyo Magesa ni baba yako mdogo?"

"Baba mzazi kabisa, mama!"

Mwalimu akajifunika uso kwa kanga, akapiga yowe lililoleta majirani wote, mimi nikiwa wa kwanza.

"Binti yangu Nyangi ameolewa na kaka wa huyu! Mkwe yuko chumbani kwangu!"

Jamani. Kwetu mkwe, hata akiwa ndugu wa mkwe, hakanyagi chumba anacholala mama mkwe, na akikanyaga anatoa mbuzi mbele ya wazee. Fredi akikubali, amevunja mwiko. Akikataa, ni tapeli mbele ya watu sita wenye viatu vya Uturuki majumbani. Akatoka kinyumenyume, pekupeku.

"Na pima maji yangu, mama?"

"Si iko chumbani kwa mkwe wako? Njoo na mbuzi, na baba yako Magesa awepo, utapewa."

Mbuzi angeweza kuazima. Tatizo lilikuwa baba. Jioni alikuja kwangu kuomba ushauri, macho mekundu, maana bila kile kifaa hakuwa na kazi nyingine duniani.

"Fredi," nikamwambia, "Mwalimu ana mtoto mmoja tu. Ni padri, yuko Bunda."

Alitazama miguu yake, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Na zile kandambili zilikuwa mpya," akasema.

Juzi Mwalimu alipita kwangu na pima maji mkononi, eti aniangalizie kabati kama jirani mwema. Kiputo kikakataa kukaa katikati. Habari za pima maji ile nilikuwa nazijua zote, na bado nikamlipa Mwalimu hela ya viatu.