Foto ya Musafiri Inakataa Kutoka Ndani ya Kamera

Jumatatu, tarehe 13 mwezi wa kumi. Kasongo.

Lukumani amepiga simu kutoka Kabambare. Ni mwenye shimo kule Wamaza, pale mutoto wangu Musafiri alienda kuchimba dhahabu, sasa miezi nane. Mvua imeangusha shimo. Wametoa watu wanne, wamewazika palepale. Nikamwambia basi wangu hayumo, wangu anaitwa Musafiri, nani asiyemjua? Akasema, mama, huku hakuna mutu anabaki na jina la nyumbani, iko Kamanda, iko Bila-Viatu, iko Moshi. Nitumie foto. Jumamosi atafika tena Kabambare penye rezo, mtandao wa simu, ataangalia.

Vizuri! Foto iko. Iko ndani ya kamera aliyoniachia. Alikuwa anapiga watu foto kwenye ndoa, na siku ya Idi alijipiga mwenyewe. Kanzu nyeupe. Ule mukovu juu ya nyusi, aliouleta siku alipoanguka na baiskeli. Zile za karatasi muchwa wamemaliza. Kioo cha kamera kimepasuka, uso wake unatokea vipande vipande, na mulango wa kikadi cha foto alishaufunga na gundi. Lakini kamera inarusha foto kwa simu bila waya. Alinionyesha mara moja. Nilikuwa napepeta muchele.

Régina, jirani, fundi wa foto, anajua hayo mambo. Simwendei! Mwezi uliopita alisema kisimani kwamba wanaoenda Wamaza, inarudi habari yao tu. Alisema nikiwa na ndoo kichwani, siwezi kujibu.

Nina akili yangu.

Jumanne, tarehe 14.

Simu inaona jina la kamera. Inashika. Inaachia. Mara kumi na moja! Nikafikiri, hii ni rezo ndogo. Na rezo ya hapa kwetu inapatikana wapi? Kilimani, pale watu wote wanaenda kusimama wakipiga simu. Nikapanda. Nikafunga kamera kwenye mchi wa kutwangia na kitambaa, nikainua juu kabisa, kuelekea munara. Mikono ikachoka. Watu wakaacha simu zao kunitazama. Muzee mumoja akauliza kama natwanga mbingu.

Simu niliiacha nyumbani, ilikuwa inashika chaji.

Nikashuka mbio. Hakuna kitu. Na kamera nayo imezima, batri imekufa. Régina alikuwa mulangoni kwake. Akauliza kama unga wa huko juu ni mulaini. Nikapita kama sikusikia.

Jumatano, tarehe 15.

Kamera imeshika chaji usiku kucha. Nimegundua! Simu inaomba namba ya siri. Nilikuwa naandika tarehe ya kuzaliwa ya Musafiri, juu kamera ni yake. Kumbe namba za siri zinauzwa kwa Abdoul, yule mwenye sahani ya waifai karibu na musikiti. Nikamupelekea muchele. Akanipa karatasi yenye namba, akasema inatumika saa moja tu. Nikaenda mbio nyumbani, kandambili moja imekatika njiani. Nikaandika kwa simu namba ya Abdoul, ya kufungua kamera. Kamera imekataa. Nikaandika polepole. Imekataa. Nikaandika na Bismillah. Imekataa!

Nikarudi kwa Abdoul na ukali wote. Akasema, mama, ile namba ni ya waifai yangu, kamera yako iko na yake. Nikamuuliza ya kamera inauzwa na nani. Akanirudishia muchele wangu. Huyo ni mwizi mwenye aibu.

Sijala leo. Si juu ya huzuni. Ni ile mbio tu.

Alhamisi, tarehe 16.

Hila mpya. Nimemwendea Régina na sahani ya sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia nina mpwa wa kike kule Kindu, maskini, kamera yake inasumbua, hajui hata kusoma vizuri. Régina akala kwanza. Kisha akasema nimuonyeshe basi kamera ya mpwa wangu, ile iliyofungwa hapo ndani ya kitenge changu.

Nikamuonyesha.

Akaeleza. Kamera inatengeneza rezo yake mwenyewe, ndogo, ya hatua chache tu. Kilima si kitu. Simu na kamera zikae pamoja kama mama na mutoto. Namba ya siri iko ndani ya kamera yenyewe, unaifungua kwenye kioo. Na simu inakimbia kwa kuwa inaona rezo hiyo haina intaneti; basi uzime data, simu ikiuliza kama inabaki, uiambie ibaki. Akafanya. Ikabaki! Foto zikaanza kuingia moja moja, ndoa zote za mutaa.

Nikasema mpwa wangu atafurahi. Régina hakucheka. Akashika mkono wangu, akasema Mama Musafiri, huko Wamaza wamekuambia nini? Nikasema nimeacha chungu motoni.

Nimetuma foto kwa Lukumani mimi mwenyewe. Sikumuita mutu. Raha iliyoje!

Jumamosi, tarehe 18.

Lukumani amefika Kabambare. Ameandika kwamba huyu mama hajawahi kuonekana kwenye shimo lake. Mama gani? Nikaangalia. Nilituma Régina kwenye ndoa, mdomo wazi, mfupa wa kuku mkononi! Hii simu inachanganya watu.

Nikatuma ya Idi. Nikahakikisha: kanzu, nyusi, mukovu.

Lukumani akapiga. Akauliza kama ule mukovu ni wa kushoto. Nikasema ni wa kushoto. Nikafikiri rezo imekatika, nikaita aloo, aloo. Akasema ile foto ni ya Moshi. Akasema Inna lillahi. Akauliza kama iko mwanaume hapa nyumbani wa kuongea naye. Nikamwambia hapa hatukosi mutu, tunakosa rezo. Nikakata. Simu yangu inasema kwa nguvu, na Régina alikuwa mulangoni kwake.

Tutafikiri. Alhamisi simu ilimufanya Régina kuwa mutoto wangu. Leo inashindwa nini kumufanya mutoto wangu kuwa Moshi? Moshi! Hata jina si la mutu.

Jumapili, tarehe 19.

Régina ameingia asubuhi, hakubisha hodi. Ametandika mukeka kwenye uwanja wangu, amekaa, amenyoosha miguu. Baada yake wengine, na mikeka yao, na kuni, na muchele. Abdoul ameleta maji. Nikauliza ni ndoa ya nani. Wakaendelea kutandika mikeka. Nikawaambia wakae basi, lakini mutu asianze kulia, juu kazi haijaisha. Ndani ya kamera iko foto nyingine. Musafiri ameketi akitazama pembeni, mukovu hauonekani. Hiyo nitatuma. Lukumani akiona hiyo, atasema, aa, samahani mama, huyu si yeye.

Régina akasema ataishika simu, tufanye pamoja, polepole. Nikakataa. Ile rezo yake ya hatua chache ndiyo iliyoharibu. Kutoka hapa mpaka Wamaza ni mbali.

Nimepanda kilima. Kamera iko juu ya mchi, nimeifunga vizuri na kitenge, leo mikono haichoki. Naandika na mkono mumoja. Huko chini mumoja ameanza kulia, nilimkataza.

Simu nimeiacha nyumbani, inashika chaji. Nikishuka, foto itakuwa imefika.