Adabu ya Kufungasha Pilau

Antipasi Mughwai alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi viatu pale Majengo, Singida, mguu mmoja mtupu, kiatu chake kikishonwa, aliposikia tajiri analalamika. Watu wengine wakisikia tajiri analalamika hupita zao. Antipasi alimwomba fundi apunguze kugonga nyundo.

"Idi iliyopita nilichinja ng'ombe mzima," Haji Abdulhamidi alikuwa akimwambia muuza kahawa. "Mzima! Wazee wa msikiti walichelewa kidogo na dua zao, kufika wakakuta mifupa na ukoko. Watu wa mji huu hawali, bwana. Wanahama na chakula!"

Haji alikuwa mmoja wa wale ambao, biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa, walilala na genge la chumvi na viberiti wakaamka na duka la jumla. Alipenda kulisha watu, na alipenda zaidi isemwe kwamba amewalisha.

Hapa inabidi tusimame tuelewane, maana msomaji anaweza kujidai hajawahi kufungasha. Umefungasha, usitubabaishe. Na adabu zake unazijua. Mtu mwenye heshima zake haombi mfuko. Anakuja nao, umekunjwa mpaka umekuwa mdogo kama leso. Hagusi kitu kabla wenye nyumba hawajasema "wapelekeeni na watoto." Akiambiwa, kwanza anakataa: "Aa, jamani, tumeshiba." Akibembelezwa, anakubali kwa shingo upande. Nyama anaiweka chini na wali juu, ili atakayechungulia aone unyenyekevu. Mwisho anasema ni kwa ajili ya mgonjwa. Siku ya sikukuu Singida huwa na wagonjwa wengi ambao hata hospitali haiwajui.

Antipasi naye alikuwa na shida yake, na haikuwa ndogo. Siku ya Idi hii inayokuja, alasiri, wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kutoka Kinyangiri kuona anaishije. Binti mwenyewe, Rahabu, walikutana gulioni Iguguno, Antipasi akiuza dawa ya mende ambayo mende waliipenda sana. Alimwambia yeye ni meneja wa hoteli mjini. Rahabu akacheka, akasema, "Basi mama na mjomba watakuja wale kwenye hiyo hoteli." Na kule kwao kulikuwa na mnunuzi wa alizeti, mtu mwenye trekta, ambaye naye alishapeleka posa. Wakwe wakikuta chumba kimoja cha kupanga na jiko la mkaa lisilo na mkaa, Rahabu ni wa trekta. Antipasi alikuwa amedanganya watu wengi na kulala usingizi mzuri, lakini kwa hili halali siku ya ngapi sijui.

Akainuka, akarukaruka kwa mguu mmoja mpaka kwa tajiri.

"Shikamoo, Haji."

"Marahaba. Kiatu chako kiko wapi?"

"Kiatu si hoja, Haji. Mimi nimesomea mambo ya hoteli Arusha." Arusha aliwahi kupita akiwa ndani ya basi, amesinzia. "Shida yako siyo ng'ombe. Shida yako ni mlango. Watu wanaingia na njaa, wanatoka na mizigo, na hakuna wa kuwauliza. Karamu za wakubwa siku hizi zina Msimamizi wa Adabu. Anakaa penye mlango wa kutokea, anaangalia nani kabeba nini."

"Na huyo msimamizi analipwa nini?"

"Halipwi, Haji. Anapata heshima tu ya kufanya kazi na mtu kama wewe."

Hapo Haji alipaswa kushtuka. Mtu akikataa hela yako ujue amekiona kitu kingine. Lakini Haji alisikia neno "halipwi" likamwingia vizuri, akamshika Antipasi mkono.

Mkewe, Bi Ziada, aliposikia habari hiyo aliweka mwiko chini. "Mgeni kuondoka na kitu ni baraka ya nyumba. Tangu lini baraka ikawekewa askari?"

"Ni utaratibu wa kisasa," alisema Haji.

"Haya. Mtakula huo utaratibu."

Siku ya Idi ikafika na pilau likanukia mpaka stendi. Waislamu kwa Wakristo walijaa uani kwa Haji, wamekaa mikekani, masinia yanapita. Antipasi alikuwa amesimama kwenye lango la nyuma ndani ya suti ya mtumba ambayo mikono yake iliishia njiani, na kifuani amebandika utepe mwekundu uliotoka kwenye boksi la zawadi ya mtu mwingine. Alichagua lango la nyuma kwa akili. Aliyebeba kitu hatoki mbele. Na pembeni ya lango hilo kulikuwa na stoo, ufunguo wake alishakabidhiwa, na ndani yake masufuria matupu yanasubiri.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Theodora, mama wa kanisani, mkoba umebanwa kwapani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipishe."

"Mkoba unatoa mvuke, mwalimu."

"Ni dawa yangu ya kifua."

"Dawa yenye iliki?"

Mwalimu Theodora akatazama nyuma, akatazama mbele. Antipasi akashusha sauti kama paroko. "Mwalimu, mimi siwezi kukuaibisha mbele ya wazazi wa wanafunzi wako. Haji kakasirika, kasema kila mfuko ufunguliwe hadharani. Lakini mimi na wewe tunaelewana. Nusu inabaki, nusu inakwenda, na macho yangu hayajaona kitu."

Nusu ikabaki. Nyama ilibaki zaidi ya nusu, faini ya kelele ambazo mwalimu alitaka kuanza kupiga.

Baada yake alikuja Bwana Laurian, mtu wa ofisi kubwa, koti limefungwa vifungo vyote juani.

"Bwana Laurian, koti linadondosha mafuta."

"Jasho tu, kijana."

"Jasho la kuku?"

Bwana Laurian alitoa mapaja ya kuku kutoka mfuko wa ndani, pale watu wengine wanapoweka kalamu, akayaacha yote bila kujadiliana. Alichoomba ni Antipasi asimtaje kwa jina.

Utamu wa mpango ulikuwa hapo. Nani angekwenda kwa Haji kushtaki kwamba ameibiwa nyama aliyokuwa anaiiba? Kila aliyepita aliacha nusu yake, akashukuru, akatoka upesi. Jua lilipoanza kupinda, masufuria ya stoo yalikuwa yamejaa pilau, nyama, kachumbari, na sambusa za kutosha harusi mbili. Antipasi alitazama, machozi yakamlenga. Rahabu alikuwa wake sasa. Kilichobaki ni kufikisha mzigo nyumbani bila mji kuuona.

Hapo ndipo akatokea mzee mmoja mwembamba, kofia ya pama, koti la kijeshi lililochakaa, mkononi kifurushi cha gazeti.

"Shikamoo, mzee. Nusu inabaki."

"Marahaba, mwanangu. Nusu ya nini?"

"Ya nyama hiyo. Ndiyo adabu ya hapa."

Mzee akampa kifurushi kizima. "Chukua yote. Adabu ikinifikia ugenini siwezi kuikata katikati." Kisha akachungulia stoo, akapiga mluzi. "Loo! Na huu wote utaubeba kichwani? Mimi nina mkokoteni wa punda hapo nje, nasubiri mzigo."

Antipasi karibu ambusu. Wakapakia haraka, wakafunika kwa magunia. Furaha ikamlegeza ulimi, na ulimi wa tapeli ukilegea huwa hauna breki.

"Peleka Majengo, mzee, nyumba ya Mama Swaumu, mlango wa bluu. Mwambie ni chakula cha Meneja, akupokee aweke ndani. Leo naonwa na wakwe."

"Hongera. Wakwe wa wapi?"

"Washamba fulani wa Kinyangiri. Wakila nyama ya sikukuu hawa, wala hawaulizi imetoka wapi. Wataniita baba."

Mzee akakaza kamba ya punda. "Watu wa Kinyangiri nasikia wanakula kweli. Na huyo binti je, naye ni mshamba unayemtania tu?"

"Hapana, mzee," alisema Antipasi. "Huyo nampenda mpaka naumwa. Kwake ujanja wangu wote unaniishia, ndiyo maana nahangaika hivi."

Mzee akamchapa punda, wakaenda.

Antipasi alitaka kuwafuata hapohapo, lakini Haji alimshika mkono, akamzungusha kwa wazee wa msikiti ambao safari hii walikuwa wameshiba, akamsifu kama mtoto aliyefaulu. Bi Ziada alimpitia na sinia tupu. "Msimamizi, umekula?"

"Bado, mama."

"Pole. Utaratibu umekwisha na chakula kimekwisha."

Alipochomoka alikwenda mbio mpaka Majengo, utepe ukipepea. Akasimama nje ya mlango wa bluu, akafuta jasho, akaweka sura ya meneja, akaingia.

Chumba kilikuwa kimejaa. Mama Swaumu mwenye nyumba alikuwepo mkekani, na Rahabu ndani ya gauni la kijani, na mama yake Rahabu, Mama Agnes, mkono umezama kwenye pilau mpaka kifundo. Na juu ya kiti pekee cha Antipasi, kofia ya pama imewekwa gotini, alikaa mzee wa mkokoteni akitafuna paja la Bwana Laurian.

"Karibu, mkwe!" alisema Mama Agnes. "Tumefika tumekuta kwako hakuna hata chumvi, nikasema leo tumeaibika. Kumbe huyu kaka yangu Alute kashatuwahi, kaingia mjini tangu alfajiri, katuletea karamu. Mshukuru mjomba wa mchumba wako."

Antipasi aliubandua utepe kifuani, akautia mfukoni. "Shi... shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Meneja," alisema Mzee Alute. "Njoo utunawishe."

Kwa hiyo Antipasi alichukua birika na beseni, akawanawisha wakwe mikono yenye mafuta ya nyama yake mwenyewe. Angesema nini? Kwamba chakula ni chake? Kimetoka wapi? Alikuwa na akili za kutosha kuwanyima watu wote wa mjini njia ya kushtaki, na sasa amesimama na birika, hana njia.

"Asubuhi niliulizia hiyo hoteli yako," aliendelea Mzee Alute taratibu. "Mji mzima hawaijui. Ila wewe mwenyewe wanakujua sana. Fundi viatu kanielekeza lango ulipo. Basi nikaazima mkokoteni kwa mtu wa kwetu pale sokoni, nikaja nikakaa mkekani karibu na lango lako, nikasikia yote tangu kwa yule mwalimu. Sisi washamba tuna tabia hiyo. Hatuulizi, tunakuja kuangalia."

Rahabu alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Antipasi alidhani analia, akaumia moyo kweli. Alipoinua uso, kumbe ni kicheko kimemkaba.

"Mjomba keshanisimulia kila kitu," alisema. "Mpaka dawa yenye iliki."

"Rahabu, mimi..."

"Kula kwanza. Umebakiziwa ukoko."

Mama Agnes hakufuatilia maneno hayo, alikuwa na kazi. Alitoa mfuko uliokunjwa vizuri ndani ya khanga, akaanza kuhamishia pilau lililobaki, nyama chini, wali juu, akieleza kwa huzuni kwamba nyumbani amemwacha mgonjwa.

Mzee Alute akajisafisha meno kwa njiti. "Sasa sikiliza, kijana. Kwetu anayetaka kuoa ni lazima tuone atalisha. Wewe leo tumekulisha sisi. Palizi imeanza, na shamba la alizeti la dada yangu limejaa magugu. Utakuja ulime nasi mpaka mavuno. Ukimaliza msimu umesimama, tutakaa tuzungumze mahari. Yule wa trekta nitamwambia asubiri."

"Mjomba, kwa heshima zote, mimi hapa mjini nina majukumu..."

"Sawa kabisa. Basi tuongozane mpaka kwa Haji ukamuage, na mimi nimweleze nilibeba nini kutoka stoo yake. Na yule mwalimu, na yule bwana wa koti, nadhani nao watapenda kusikia."

Antipasi alitafuta tundu la kutokea. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa. Alitazama mlango, dirisha, akamtazama Rahabu. Rahabu hakuwa anacheka tena.

"Mimi nilikwambia mama na mjomba watakuja kwako ili nione utafanya nini," alisema. "Ungetukaribisha maji tu, ningeyanywa. Wa trekta simtaki. Lakini na meneja simtaki. Basi linaondoka asubuhi. Nitakuwa kiti cha dirishani."

Asubuhi stendi, waliokuwepo walimwona Antipasi Mughwai na jembe jipya begani, mpini bado mweupe, suti ileile ya mtumba mwilini kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine ya safari. Rahabu alikuwa ameshakaa dirishani, pembeni yake nafasi wazi ameiwekea kikapu. Kondakta alimzuia Antipasi mlangoni, akamtazama juu mpaka chini.

"Bwana mkubwa, na hilo jembe vipi?"

"Mimi ni ofisa kilimo," alisema Antipasi, sauti nzito. "Nakwenda Kinyangiri kukagua alizeti."

"Mpandishe huyo," alisema Mzee Alute kutoka kiti cha nyuma. "Ni mkwe wetu, anakuja kulima."

Abiria wote wakageuka kumtazama. Antipasi akalisukuma jembe chini ya kiti, akatoa kikapu akakaa.