Mume Wangu Naye Asajiliwe Kuwa Mgeni

Kwa Ndugu Mkuu wa Leseni za Nyumba za Kulaza Wageni,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa adabu yote niliyobakiwa nayo.

Mimi ni Shemsa Borafya, mshonaji, mkaazi wa Mji Mkongwe, katika nyumba aliyoniachia marehemu mama yangu. Wiki iliyopita afisa wako Hafiz aliingia kwangu akamkuta dada yangu Mwatum anakunywa uji, jicho moja limefungwa bandeji. Alikuja kutoka Tumbatu kutibiwa.

"Huyu analala hapa?" akauliza.

"Naam, ni dada yangu."

"Atatimiza mwezi?"

"Hata. Daktari akimaliza naye, anarudi kwake."

Hafiz akatabasamu kama aliyeokota lulu. "Basi ni mgeni wa muda mfupi. Bi Shemsa, unafanya biashara bila ya leseni."

Dada yangu alimtazama kwa jicho lile zima, kisha akaniuliza kama ameshitakiwa. Siku ile ile alirudi Tumbatu na bandeji yake, asionane tena na daktari. Nililia, halafu nikaisoma kanuni yenu, isemayo kila alalaye pungufu ya mwezi ni mgeni wa kukatiwa leseni, hata akiwa ndugu. Nimegundua mnaitekeleza nusu nusu, na mimi sipendi kazi ya nusu. Kwa hivyo nalalamika:

1. Mmemsahau mume wangu. Mzee Msabah ana mke mwengine Paje. Zamu yangu ikifika huja na mkoba, huuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, huacha taulo bichi kitandani na huondoka bila kuosha hata kikombe. Tangu aoe huko hajapata kulala kwangu mwezi mfululizo. Kama huyo si mtalii, basi watalii hawajapata kuja Unguja.

2. Hafiz alisema nyumba ya wageni iwe na alama ya mlango wa kutokea na kitabu cha malalamiko. Mlango wa kutokea mume wangu anaujua hata macho yamefumbwa. Kitabu nakiomba haraka, maana malalamiko yote ananambia mimi, tena nikiwa cherehanini.

3. Nyumba ya jirani, ambayo mwenyewe hatujapata kumuona, ina leseni ndani ya fremu. Wageni wake hupiga muziki juu ya paa wakati wa adhana. Hafiz alipita hapo akainamisha kichwa kwa heshima. Kumbe kosa la dada yangu ni kunywa uji kimya kimya.

4. Binti yangu Mayasa atakuja kujifungulia kwangu. Yeye atakaa arubaini nzima, amesalimika. Lakini mtoto atafika hana pasipoti na hajasema atakaa mpaka lini. Naomba muongozo: asajiliwe akilia, au tumsubiri anyonye kwanza?

5. Mama yangu alipofariki alilala ukumbini usiku mmoja tu, asubuhi tukamzika. Usiku mmoja, Ndugu Mkuu! Nitakuwa nimelaza mgeni wa muda mfupi kuliko wote wa mtaa huu. Hafiz angekuwepo, angemwamsha amuulize anaondoka lini.

Naomba, basi, moja kati ya mawili: mume wangu apewe hadhi yake ya mgeni, au kanuni hii ifutwe kwa ndugu wote na Hafiz mwenyewe aende Tumbatu akamrejeshe dada yangu kwa daktari.

Nawasalimu wote hapo ofisini, wanaofanya kazi na wanaongojea saa ya kutoka. Hafiz anisalimie mama yake. Kama mwanawe bado analala kwake, mama huyo aulizwe ana leseni gani.

Mtiifu wako kwa kila amri yenye akili,
Bi Shemsa Borafya

Baada ya kutia saini: Mume wangu ameisoma barua hii. Amefoka, "Mimi mtalii?" akabeba mkoba wake akaenda Paje, na ameapa hatokanyaga hapa mpaka ofisi yako imsafishe jina. Nimempigia simu Mwatum, amekuja, daktari amemfungua bandeji na anaona vizuri. Kwa kuwa kitanda kina nafasi, atakaa mpaka baada ya Ramadhani, kwa hivyo si mgeni tena. Tumelala usingizi ambao sikuujua tangu niolewe. Ndugu Mkuu, kanuni yenu ni nzuri mno, msiiguse hata nukta. Akija Mzee Msabah kuomba kibali, mwambieni foleni ni ndefu.