Soda ya Mama Mkwe Niliyoipasha Moto

Shoga zangu, leo nimeadhirika! Tena mbele ya mama mkwe.

Mnajua tangu niolewe nakaa naye hapa Pongwe, na mume wangu yuko Tanga mjini, kwenye kiwanda cha soda. Leo asubuhi kaja kumwomba mama yake ruhusa anichukue, tukakae wote. (Jiko langu mwenyewe, jamani.)

Kamletea mama soda moja nyekundu, zile za gololi shingoni, gesi inaisukuma izibe mdomo na ukitaka kunywa unaibonyeza ndani, kaizungushia gunia lililolowa.

"Isipate joto," akaniambia. "Gesi hutulia kwenye maji baridi. Yakipata moto inatoka."

Nikashika hilo la mwisho tu.

Maana mama mkwe ana kikohozi, hanywi cha baridi, na gesi anasema inamkwaruza koo. Nikaona niipashe moto: baridi iondoke, gesi itoke, mama anywe raha mustarehe. Nikaitumbukiza chupa kwenye sufuria ya maji ya moto. (Huyo ndiye mjuzi wenu.)

Huku jikoni namsikia mama: "Huyu bado mtoto. Ataweza nyumba peke yake?"

Nikaitoa chupa, nikaifuta, nikaingia, nikapiga magoti mbele yake.

Nikaisukuma gololi kwa kidole. Haiendi. Nikatia dole gumba na uzito wangu wote. Wapi! Jasho linanitoka, mama mkwe ananitazama tu.

"Hata soda hujui kufungua?" Akainama karibu ili anioneshe.

Nikaona nitakosa ruhusa hivi hivi. Nikauvuta mchi wa kinu. Mume wangu akaigusa chupa.

"Mbona ya moto? We, usi..."

Nishapiga.

Lahaula! Gesi ilikwisha toka majini kweli, lakini ingepita wapi na gololi imeziba mlango? Ikatoka yote kwa mpigo. Povu jekundu likampiga mama mkwe usoni, ushungi ukalowa chapachapa, pua inamtona. Nikajua mimi na Tanga basi tena.

Mama akajifuta jicho moja, kisha la pili, taratibu. Akamgeukia mwanawe.

"Mchukue. Leo hii. Kabla hajanipashia kitu kingine."

Basi ndiyo nafunga mizigo hapa. Mkija mjini karibuni sana kwangu, ila atakayecheka atakunywa maji.