Breki Zilizokaangwa

Jumatatu, tarehe 4 Mei
Leo nimepitisha gari la ofisi kwenye tope la bondeni. Dereva mwenzangu, tunayemwita Msafi kwa kupenda ndoo na tambara, alizunguka barabara kuu. Nilifika zizini dakika arobaini kabla yake. Bosi wetu, daktari wa mifugo, akanisifu mbele yake. Raha tupu. Tuliporudi Msafi akanishauri nioshe breki kabla tope halijakauka. Nikamwambia mimi ni dereva, si dobi.

Jumanne, tarehe 5 Mei
Breki zinasaga. Sauti kama mtu anakwangua sufuria iliyoungua. Daktari akauliza ni nini hicho. Nikasema redio. Redio ilikuwa imezimwa. Dereva aliyekuwepo kabla yangu alifukuzwa kwa kuvunja taa moja tu. Sijala mchana. Nikienda kwa fundi, Msafi atajua. Afadhali nife.

Jumatano, tarehe 6 Mei
Wazo. Bawaba ya mlango wetu ilipolia, mke wangu aliipaka mafuta ya kupikia, ikanyamaza. Nikabeba chupa, nikajificha nyuma ya ghala la dawa, nikanyunyizia magurudumu yote manne. Nimejaribu uani. Kimya kabisa. Ila gari lilichelewa kidogo kusimama. Nimejiambia ni baridi.

Alhamisi, tarehe 7 Mei
Naandika kwa shida. Tulikuwa tunateremka mlima, Daktari kando yangu, sanduku la chanjo mapajani. Nikakanyaga breki. Gari halikujali. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Likazidi kuteleza. Kule chini ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, na mzee mwenye fimbo katikati yao.

Daktari akasema kwa sauti ndogo, "Simamisha gari."

"Ndicho ninachofanya, Daktari."

Nikavuta breki ya mkono. Nayo imejaa tope. Nikarudisha gia ya pili, injini ikanguruma, nikakata kona kuingia shamba la mahindi. Tulisimama hatua tatu kutoka kwenye kisima cha shamba hilo. Mzee alikuja dirishani akatupa pole. Daktari alifungua sanduku, akahesabu chupa za chanjo moja moja. Bora angenitukana.

Ijumaa, tarehe 8 Mei
Fundi amefungua magurudumu, sote tukitazama. Tope limekauka kama tofali, kijiwe kimenasa, pedi za breki zimelika, na juu ya yote mafuta. Akanusa. Akauliza nani anakaanga vitumbua humu. Nikamtazama Msafi. Msafi akasema taratibu kwamba gari lake yeye huliosha kwa maji. Nikakiri. Daktari ameamuru: kila nikitoka kwenye tope nioshe breki kwa maji safi, nizikanyage polepole mpaka zikauke, kisha fundi azikague. Nikirudia kupaka mafuta, sina kazi. Nimeapa kwa jina la mama yangu.

Jumatatu, tarehe 11 Mei
Mimi ni mtu mpya. Nimeosha breki mara tatu, zinashika vizuri mno. Tatizo ni mkanda wa feni ya injini. Tangu lile tope unalia kama paka aliyefungiwa, na Daktari anatoka ofisini saa nne. Msafi anachungulia, nadhani amesikia. Nimefikiri sana. Daktari alikataza mafuta kwenye breki. Mkanda wa feni hakuutaja kabisa. Na mke wangu ana mafuta ya nywele, mazito, yananukia vizuri.