Mutoto Tatiana Amekwama mu Ukuta

Siku ya Posho, Jumamosi, tarehe 5 mwezi wa 7, 2025

Imetoka! Mugini Yetu imetoka! Tangu niko shule ya primaire tunangojea ile jeu, muchezo wa ordinateur wa kujenga mugini, kijiji. Bale vijana ba Lubumbashi wenye kuitengeneza balituahidi mvua, treni, soko, na batu wenye kuzaa na kuzeeka. Leo bameachilia kipande cha kwanza, accès anticipé: sisi tunacheza, bao bangali banaipika. Nimeifungua ku ordinateur ya kaka yangu Nkongolo. Nyumba tatu. Mto bila maji. Mwanaume mumoja anatembea kinyumanyuma.

Nimeiona nzuri sana. Nililia kidogo. Vumbi.

Siku ya Mungu, 6

Kisha misa, Zéphirin wa darasa letu alitangaza mbele ya kila mutu eti jeu yangu ni bukari, ugali, ambao maji yake hayajachemka. Batu balicheka. Tatiana naye alicheka, lakini na upande mumoja tu wa kinywa.

Tatiana anakaa karibu na kwetu, hapa Manika. Tangu mwaka jana nataka kumusalimia. "Jambo" inafika ku meno, inarudi.

Siku ya Kazi Mbili, 8

Mutoto wa kwanza amezaliwa mu Mugini Yetu! Na jeu inauliza jina. Hapo akili ikaniingia. Kwetu, ukipatia mutoto jina la mutu, ule mutoto ni majina yake, somo yake. Mwenye jina hawezi kukaa kwake amenyamaza. Lazima aje kumuona, na asije mikono mitupu. Basi! Mi sitasema jambo. Desturi itasema kwa ajili yangu. Niliandika: TATIANA.

Habari aipeleke nani? Si mi. Nilituma mudogo wangu Princesse. Nilimuambia aseme hivi tu: Gael amepatia mutoto jina la Tatiana. Maneno machache, asiharibu.

Siku ya Kazi Tatu, 9

Maneno yalikuwa machache mno.

Asubuhi Mama Laurentine, mama ya Tatiana, aliingia mu kiwanja chetu na sabuni, poudre ya mutoto na kofia ya sufu, sababu mwezi huu baridi inakata. Tatiana nyuma yake, macho chini. Mama Laurentine alipiga kigelegele kimoja, kile cha kupima hewa. Akauliza mutoto iko wapi. Na mama yake, ni binti wa nani?

Mama yangu alikuwa anachekecha unga. Ungo ulianguka. Mama anasema Kifaransa siku ya hatari tu. Aliuliza ni mutoto gani: Gael, quel enfant?

Nilijaribu kueleza. Ilitoka sauti ya kuku. Nikakimbia kuleta ordinateur.

Mutoto Tatiana alikuwa amekwama mu ukuta. Kichwa ndani, miguu inje, inapigapiga.

Kisha Mama Laurentine alivaa lunettes ya macho, akainama. Alisema benye kutengeneza ni bavivu kabisa: mutoto muchanga, baridi hii, hata soksi hana! Mama yangu alicheka mpaka akaketi juu ya mufuko wa makala ya kupikia. Nilitaka kurudisha sabuni. Mama Laurentine alikasirika: zawadi ya majina hairudi. Kofia aliivalisha ordinateur.

Na Tatiana? Aliketi karibu na mi. Ku banc yangu! Alisema majina yake hawezi kulala mule. Tulibomoa ukuta pamoja, tofali kwa tofali. Mutoto alitoka, akaanza kutembea kinyumanyuma. Tatiana alisema mutoto ana haya, anafanana na mutu fulani.

Nilicheka kwa sauti. Mbele ya batu!

Siku ya Posho, 12

Mukosi. Mise à jour, toleo mupya. Benye kutengeneza bameandika kwa upole eti migini yote ya zamani inafutika, banatuomba radhi. Mto sasa uko na maji. Mutoto hakuna.

Nimepata mupango. Nitasema amekwenda kusoma mbali, Musumba, kwa nkambo, bibi yake. Njia mbaya, réseau ya simu hakuna, nani atahakikisha? Princesse amekataa kupeleka. Amesema mi ni muongo bila mafuta, uongo wangu unakwama ku koo.

Siku ya Mungu, 13

Kisha misa Tatiana alinifuata mwenyewe. Akauliza majina yake anaendelea namna gani. Nilianza, "Musumba..." Nikaona uso wake. Nikashindwa. Nikasema amefutika.

Akauliza kama iliniuma. Nikasema sana. Akasema hata yeye. Tena akasema polepole: Gael, mulango ya kwetu haifungwe. Pita kesho. Usingojee mutoto azaliwe. Sema jambo tu, inatosha.

Jambo tu! Kumbe ni rahisi hivyo!

Nilitembea mpaka nyumbani kama mutu amepewa jimbo yote ya Lualaba.

Lakini nimefikiri vizuri. Kwao kuna baba yake, Tata Tshimanga. Anaendesha camion kubwa ya mawe ku mine, ku machimbo. Mikono kama majembe, na hajacheka tangu nimujue. Ule nitamusalimia namna gani? Hapana, kesho ni haraka mno. Nimefungua Mugini Yetu. Kuna mwanamuke mumoja pale ku mto, tumbo yake inakua.

Akizaa mwanaume, ataitwa Tshimanga. Akizaa musichana, ataitwa Tshimanga vilevile.